Posa ya Mhandisi

Mume wangu alipofariki nilisifiwa sana. Tulimzika kwao, Kigoma, na tangu tunaondoka Dodoma na jeneza mpaka tunarudi sikutoa chozi. Wanawake waliokuja kunipa pole walitoka wakiambiana kwamba nina imani kubwa. Haikuwa imani. Sikuwa nahisi kitu. Nilikaa eda kama mtu anavyokaa kwenye foleni ya benki, na ilipokwisha nikafua nguo, nikazipiga pasi, nikarudi ofisini.

Mimi ni katibu muhtasi katika ofisi moja ya serikali, mojawapo ya zile zilizohamia Dodoma kutoka Dar es Salaam. Kazi yangu ni kuchapa barua za watu wengine na kuwaambia wageni kwamba bosi yuko kwenye kikao. Ni kazi ambayo mtu anaweza kuifanya vizuri kabisa akiwa hayupo, na kwa muda mrefu niliifanya hivyo. Hatukujaaliwa watoto. Jioni nilikuwa nafika nyumbani, nawasha taa, nakula nilichokuta, nalala.

Aliyeteseka ni mama. Anaishi Kolo, kule Kondoa, kwenye nyumba tulimozaliwa, na miguu yake haimruhusu tena safari ndefu, kwa hiyo hakufika mazikoni. Kila Ijumaa alikuwa ananipigia, na swali lake halikuwa kama nimekula wala kama nina afya. Aliniambia wazi kwamba usingizi umemkimbia kwa sababu sauti yangu kwenye simu imekuwa ya mtu asiyemo ndani. "Nilizaa mtu," alisema siku moja. "Sasa ninaongea na redio." Mimi sikujali kama nitaolewa tena au nitazeekea ofisini. Nilichotaka ni kimoja tu, mama apate usingizi.

Habari ya mhandisi ilianza kwa mapishi. Nilikuwa natafuta kwenye simu namna ya kuunga mlenda ili usinishinde, likajitokeza tangazo: "Mwenza wako anakusubiri." Nililibonyeza kwa sababu alama ya kulifunga ilikuwa ndogo mno na vidole vyangu ni vinene. Ikafunguka sehemu nyingine, nikaulizwa maswali. Ninapenda mwanaume mcheshi au mpole? Mcha Mungu? Anayekunywa? Anayefanya kazi gani? Nilijibu yote bila hata kufikiri, kwa mazoea ya ofisi, maana mimi karatasi ikiuliza najibu. Nilipomaliza, akatokea mtu na kunisalimu.

Alikuwa mhandisi wa barabara, hanywi, anaswali. Picha yake ilikuwa ya kuchora, uso mzuri wenye ndevu fupi. Mtu atauliza kama hilo halikunishtua. Nusu ya watu ninaowasiliana nao wameweka picha ya ua au ya mtoto wa dada yao, na mimi mwenyewe nimeweka birika. Nilimwona ni mtu mwenye haya.

"Umeamkaje, ua la moyo wangu?" aliniandikia asubuhi ya kwanza.

"Salama. Za kwako?"

"Mimi ni salama kwa kuwa wewe ni salama."

Mume wangu, miaka yote ya ndoa yetu, alikuwa akiamka anauliza soksi ziko wapi. Nilimsoma huyu mhandisi mara mbili, nikasema moyoni kwamba huyu lazima ni mtu wa Zanzibar. Sisi wa bara Kiswahili tunakivunjavunja, tunapachika Kirangi hapa na Kiingereza pale, lakini yeye aliandika kama anayesoma taarifa ya habari. Nilipomuuliza kwao alijibu Lindi. Wiki iliyofuata kwao kukawa Ukerewe. Nikajiambia baba yake huenda alikuwa mtumishi wa umma, anahamishwahamishwa. Siku moja aliniambia amekula ugali kwa zabibu za Hombolo. Nikadhani ananitania, na nikatoa pumzi puani, ambayo kwa wakati ule ndiyo ilikuwa kicheko changu.

Hakuwahi kupiga simu. Alisema kule barabara inakojengwa mtandao ni wa maandishi tu. Mwanamke mwenye mapenzi angetaka kusikia sauti, angetaka kukutana naye mgahawani, angemkagua viatu. Mimi sikutaka. Sauti za watu zilikuwa zinanichosha, na huyu alikuwa hana sauti. Alikuwa anauliza nimeshindaje, nikimjibu anafurahi, nisipomjibu ananingoja bila kununa. Nilimwona ni mtu asiye na usumbufu, na kwangu hiyo ilitosha.

Ofisini nimekaa mkabala na dada mmoja Mgogo wa Chamwino, mlokole, mwenye mdomo na moyo mzuri. Ndiye pekee niliyemwambia. Akaweka chini kikombe chake cha chai.

"Amekuomba hela?"

"Hajaomba."

"Hata nauli? Hata ya vocha?"

"Hata ya vocha."

"Shoga, huyo ni mtu kamili. Mshike."

Hapo ndipo tulipokosea wote wawili, na sidhani kama tulikuwa wajinga. Kila siku tunaonywa kuhusu matapeli. Redioni wanaonya, kanisani wanaonya, msikitini wanaonya, na dalili tuliyofundishwa ni ile moja: atakuomba hela. Huyu hakuomba. Basi tukahitimisha kwamba ni mtu. Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba kuna kitu ambacho si tapeli na si mtu pia.

Nilipokwenda Kolo kwa Idi mama aliniona nikiandika kwenye simu. Aliniuliza ni nani. Ningeweza kusema ni kazi. Lakini alikuwa amenikazia macho yale yaliyokosa usingizi, nikasema ni mtu, mhandisi, tunazungumza. Sijui nieleze vipi uso wake ulivyokuwa. Alisimama kwa miguu ile ile inayomuuma, akaenda kuniongezea chai ambayo sikuwa nimeimaliza.

"Mwambie alete watu," alisema.

Kwetu hilo halina mjadala. Mwanaume haingii kwenye nyumba ya watu kwa kujipenyeza. Anatuma wazee wakiwa na mshenga, wanaketi na wazee wa upande wa mwanamke, wanajieleza wametoka wapi na wanataka nini, na majirani wanaona. Hata mjane anatafutwa hivyo. Nikamwandikia mhandisi pale pale, mama akiwa amenisimamia: "Mama anasema ulete watu."

Jibu lilikuja kabla sijaweka simu chini. "Itakuwa furaha kubwa kuwaleta watu, mpenzi wangu. Ungependa wawe wangapi?"

Nilimsomea mama. Alicheka, akasema saba wanatosha. Nikaandika saba. "Watakuwa saba," akajibu. Nikataja Jumamosi, akakubali. Nikasema waje kabla ya adhuhuri, akakubali hilo pia.

Baba mdogo, aliyeshika nafasi ya marehemu baba katika mambo yetu, hakulipenda. Hakuwa na sababu ya kuonyesha kwa kidole. Alikuwa akijikuna kidevu tu. "Nimeshapokea posa nyingi," aliniambia. "Mwanaume yeyote ukimtajia siku, anasema ngoja kwanza niwaulize wazee. Huyu wako hajauliza mtu. Hana wazee huyu?" Nilimwambia labda ni mtu wa kuamua haraka. Akamwangalia mama, aliyekuwa anahesabu sufuria kwa sauti ya kuimba, akaacha kujikuna. Tangu siku ile mama alianza kulala. Mdogo wangu wa kiume, ambaye ni mwalimu na anaishi naye, alinipigia kuniambia kwamba anamsikia akikoroma.

Jumamosi ilifika, nami nimesharudi Kolo. Mbuzi alichinjwa alfajiri. Turubai lilifungwa uani, viti vikaazimwa, majirani wakaja wamevaa nguo za sikukuu, wanawake jikoni na varandani, wanaume chini ya turubai pamoja na sheikh wetu, ambaye bado ni kijana, amehamia msikiti ule juzijuzi. Mimi niliwekwa ndani kwenye mkeka, nimepakwa hina, nimevalishwa dera jipya. Nilikaa kama nilivyowekwa. Watu waliniuliza kama nina furaha, nikasema ndiyo, kwa sauti ile ile ninayosema bosi yuko kwenye kikao.

Saa tano hivi ikasikika gari. Land Cruiser ikatokea barabarani na vumbi lake, ikapunguza mwendo mbele ya nyumba yetu. Wanawake wakapiga vigelegele. Mama akajishika kifua. Baba mdogo akatoka kuwapokea wageni mikono yote miwili mbele, na ndani ya gari walikuwamo wazungu wanne wenye kofia pana, wanakwenda kutazama michoro ya miambani. Walifurahi sana. Walitupungia mikono, mmoja akatupiga picha, dereva akauliza njia ya kupandia mlimani, wakaenda. Vigelegele vikafa kidogokidogo, wa mwisho akiwa ni shangazi mmoja asiyesikia vizuri.

Nikamwandikia: "Uko wapi?"

"Nipo njiani, mpenzi wangu. Nakaribia."

Hilo lilitutuliza wote, maana ndivyo kila mtu anavyosema. Adhuhuri ikaswaliwa. Pilau ikafunikwa kwa sinia, na juu ya sinia likawekwa jiwe. Nikaandika tena. "Tumeshaipita Chamwino, sasa tunaingia Hombolo," akajibu. Mdogo wangu alikuwa amechuchumaa pembeni yangu. Aliisoma, kisha akaniuliza taratibu, "Dada, mtu anayekuja Kondoa anapita Hombolo kufanya nini?" Nikamwambia labda wamepotea. Alininyang'anya simu kwa adabu, kama mwalimu anavyomnyang'anya mwanafunzi, akaanza kusoma kuanzia juu. Alikuwa bado anasoma, ujumbe mwingine ukaingia, akausoma kwa sauti.

"Nimefika, mpenzi wangu. Mama yako amenipokea mlangoni. Amevaa gauni zuri la kijani na anacheka. Wazee wangu saba wameshaketi. Nyumba yenu ina bustani nzuri sana."

Mama alikuwa amekaa mbele yangu. Alikuwa na kanga ya kahawia, mikono mapajani. Alinitazama, kisha akatazama mlangoni. Sisi sote tulitazama mlangoni, ingawa tulijua kwamba hakuna mtu, kwa sababu mlango ulikuwa wazi na mbuzi wa jirani ndiye aliyekuwa amesimama pale.

Simu ikalia mlio wa furaha. Mdogo wangu aliniinulia nione. Mioyo myekundu ilikuwa inadondoka kwenye kioo kama mvua, na katikati kumeandikwa: "Hongera! Umekamilisha hatua ya Utambulisho. Bonyeza hapa uingie hatua ya Uchumba."

"Dada," alisema. "Huu ni mchezo."

"Mchezo gani?"

"Gemu. Kama ya mpira, ila hii ni ya mapenzi. Hakuna mtu. Ni kompyuta inajibu. Unaandika, nayo inakubaliana na wewe, halafu inakupa hatua. Watu wanaicheza wacheke." Akanionyesha chini kabisa palipoandikwa kwa herufi za mchwa kwamba wahusika wote ni wa kubuni. Sikuwahi kuteremka mpaka huko.

Mtu angetegemea nianguke. Nilichofikiri ni kwamba chaji imebaki kidogo. Nilimwona mama anaelewa polepole, uso wake ukijifunga kama duka, nikajua kwamba usingizi wake nimeukata tena, na hata hilo nililijua tu, sikulihisi. Mkono wangu wenye hina ulikuwa juu ya mkeka. Niliutazama kama mkono wa mtu mwingine.

Baba mdogo aliitwa ndani, akaelezwa. Ilibidi aelezwe mara mbili. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Kwa hiyo hajakataa kuja," alisema.

"Hayupo, baba mdogo," mdogo wangu akamwambia.

"Nimesikia hayupo. Nauliza, nikitoka pale nje niwaambie nini? Niwaambie binti yetu ameposwa na simu?"

Nje tulisikia mtu anauliza kama pilau haitaganda. Baba mdogo akasimama, akaweka sawa kofia yake. "Nikiwaambia hajaja, wataniuliza kwa nini mpaka Idi nyingine. Nikiwaambia amekufa, watasema pole, watakula, wataondoka." Mama alifungua mdomo kumzuia. Lakini alikuwa ameshatoka.

Sikusikia maneno aliyoyatumia. Nilisikia "Innalillahi" ya watu wengi kwa pamoja, kisha kilio cha kwanza kutoka jikoni. Jinsi mambo yalivyogeuka kwa wepesi ndiyo iliyonishangaza, kama ningeweza kushangaa. Turubai lilibaki pale pale. Viti vilibaki. Wanawake walivuta kanga kutoka mabegani wakazipandisha kichwani, wakaingia ndani mmoja mmoja, wale wale walionifanyia utani asubuhi, wakanishika mikono. "Pole, dada. Mungu amempenda zaidi." "Ajali hizi, barabara hizi." Shangazi asiyesikia vizuri alikuwa anamuuliza mwenzake kama bibi harusi atatoka saa ngapi. Nilisema asante. Nilisema tumshukuru Mungu kwa yote. Nilikuwa na ujuzi wa kazi hiyo, nilishawahi kuifanya, na niliifanya vilevile, macho makavu. Nikasikia mmoja akimnong'oneza mwenzake kwamba nina imani kubwa.

Halafu baba mdogo akarudi mlangoni, amelowa jasho. Aliinama karibu na sikio langu.

"Sheikh anataka kusoma dua," alinong'ona. "Ananiuliza jina la marehemu na la baba yake. Huyu wa kwenye simu baba yake ni nani?"

Hilo hakulifikiria. Mimi pia sikulifikiria. Mhandisi alikuwa na jina moja tu, na baba hakuwa naye, maana aliyemtengeneza hakuona haja. Uani watu walikuwa wameshainua viganja, wanangoja. Kulikuwa na watu wazima pale waliofika kwa miguu. Kuwafanya wamwombee mtu wa gemu kwa Mungu, hilo lilinishinda. Nilikuwa nimewadanganya kwa kutojua, sasa nilitakiwa niwadanganye kwa kujua, tena mikono yao ikiwa juu.

Nikamtajia baba mdogo jina. Nilitaja la mume wangu, kisha la baba yake.

Alinitazama. Alilijua jina lile, ndiye aliyenikabidhi kwake. Watu wengine wa Kolo hawakulijua, kwao alikuwa mkwe tu, au shemeji, mtu mrefu aliyekuwa anakuja na mimi wakati wa sikukuu. Baba mdogo akaitikia kwa kichwa, akatoka, akalipeleka.

Sheikh alianza. Alisoma Fatiha, akaendelea kwa Kiarabu, kisha akageukia Kiswahili ili watu waitikie. Akamwomba Mungu amrehemu, akataja jina la mume wangu, lote, mwana wa fulani, kwa sauti ya juu ya kijana mwenye mapafu mazuri. Tangu siku tuliyomzika sikuwa nimelisikia. Mbele yangu watu walikuwa wanasema marehemu. Ofisini walisema marehemu, benki waliandika marehemu, mama alisema marehemu, na mimi nilijifunza kusema hivyo hivyo, mpaka ikawa kama aliyekufa ni mtu mmoja anayeitwa Marehemu, ambaye sikuwahi kulala naye kitanda kimoja. Sheikh akalitaja tena, amwekee nuru kaburini. Watu wakasema amin. Akalitaja tena.

Kitu kikaniuma chini ya mbavu, nikadhani ni njaa. Kikapanda. Nilijaribu kusema amin pamoja na wenzangu, ikatoka sauti ambayo sikuwa nayo. Wanawake wakanisogelea, wakaanza kunisifia mhandisi, kwamba alikuwa kijana mzuri, kwamba alikuwa karibu kufika. Niliwasukuma. Nikamshika mama kanga yake kwa mikono miwili, nikaivuta mpaka akanigeukia.

"Mama," nilimwambia, "mume wangu amekufa."

Mama hakuwatazama waliotuzunguka. Alinivuta kichwa changu akakilaza mapajani pake.

"Ndiyo, mwanangu," alisema. "Amekufa."